Betri za Mfumo wa Ulinzi Usiotumia Waya: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Mombasa

Maswali haya tunayasikia dukani na kwenye simu, kutoka Nyali hadi Likoni, Tudor hadi Mtwapa. Majibu yanahusu vifaa vinavyokaa kwenye joto na upepo wa chumvi. Kitabu kilichokuja na mfumo wako kiliandikwa kwa chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na chumba kama hicho kwetu ni cha kiyoyozi tu.

Kwani nyumba yangu ina betri ngapi?

Nyingi kuliko unavyodhani. Hesabu sensa (kihisi) ya kila mlango, sensa za mwendo za sebuleni na ushorobani, king'ora cha ndani, cha nje, rimoti za kila mtu, na kamera ya getini kama ipo. Kila kimoja kina betri yake, kisha ipo ya akiba ndani ya paneli yenyewe, lile boksi kuu linaloendesha mfumo. Chukua kikaratasi, uzunguke nyumba uandike kifaa, kilipo, aina ya betri na tarehe ilipowekwa. Kibandike kwenye upande wa ndani wa mfuniko wa paneli. Wateja wenye kikaratasi hicho hutupigia simu mara chache sana.

Nikija dukani niulize betri gani?

Njoo na ile kuukuu mkononi, ndiyo njia fupi. Kama huwezi, soma namba yake. Vile vidonge bapa vya sensa ndogo za mlango ni CR2032 au CR2450, na namba zenyewe ndizo vipimo: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2450 ina 24.5 na 5.0. Zote ni volti 3, lakini moja haiingii mahali pa mwenziwe, na ukiilazimisha utavunja kishikio. Sensa za mwendo mara nyingi hutumia CR123A, ile fupi nene ya volti 3. Rimoti za zamani zina kale kembamba ka volti 12: 23A au 27A, na hizo mbili zinafanana machoni lakini unene ni tofauti. Ving'ora na kamera nyingine hula mawe ya kawaida ya AA au AAA. Betri nyeusi nzito ya paneli ni ya volti 12, mara nyingi ampea-saa 7 (7Ah).

Kwenye boksi wameandika miaka mitano. Mbona yangu haikumaliza miwili?

Miaka mitano ni ya maabara. Nyumbani kwako kuna mambo manne yanayoila.

La kwanza ni shughuli. Sensa ya mwendo ya ushorobani huona watu kutwa nzima hata kama mfumo haujawashwa. Nyingi hulala dakika mbili tatu baada ya kuona mtu ili kuokoa betri, lakini nyumba yenye watoto na wageni haizipi usingizi. Mlango wa jikoni unaofunguliwa mara mia kwa siku humaliza kidonge chake mapema kuliko mlango wa stoo, na mwezi wa Ramadhani, kwa futari na daku, tofauti hiyo inaonekana wazi.

La pili ni mawimbi dhaifu. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na sensa iliyo nyuma ya kuta mbili za namna hiyo hurudia ujumbe wake mpaka paneli ijibu. Kila kurudia ni chaji. Kama sensa moja tu inakula betri huku za jirani ziko sawa, angalia kwanza nguvu ya mawimbi yake kwenye menyu ya paneli. Kuisogeza hatua mbili au kuongeza kirudia mawimbi kutakusaidia kuliko kununua betri kila baada ya miezi minane.

La tatu ni joto. Kemia yote ya betri hukimbia zaidi kwenye joto, pamoja na ile sehemu inayojimaliza yenyewe bila kutumika. Sensa iliyobandikwa chini ya mabati au kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri inaishi nchi nyingine kabisa.

La nne ni wadudu na wenzao. Mjusi kafiri hupenda joto la kifaa, akatembea mbele ya kioo cha sensa usiku kucha, na kila akipita sensa inaamka. Sisimizi huingia kupitia tundu la waya lisilotumika na kujenga ndani. Fungua mfuniko, ufute, kisha uzibe tundu kwa silikoni kidogo.

Sisi huwaambia wateja wa pwani wagawe nusu ile namba ya kwenye boksi, kisha wabadilishe kwa kalenda, wasingoje onyo.

Programu ya simu inaonyesha asilimia 80. Bado nibadilishe?

Asilimia hiyo usiifanye ushahidi. Betri za lithiamu kama CR123A na CR2032 hushikilia karibu volti 3 kwa sehemu kubwa ya maisha yake, halafu huporomoka mwishoni kwa ghafla. Kifaa kinachokisia kwa kupima volti kitakuambia 80 leo na 5 wiki ijayo. Mawe ya alkali ni waungwana zaidi: huteremka taratibu kutoka 1.5, kwa hivyo asilimia zake zina maana kiasi.

Mita ya fundi nayo hudanganya ukipima betri ikiwa mkononi haifanyi kazi. CR123A mpya husoma kama volti 3.2. Ikisoma 2.8 bila mzigo, hiyo imekwisha, ingawa tarakimu yenyewe inaonekana si mbaya. Tarehe uliyoandika kwenye kikaratasi itakusaidia kuliko vipimo vyote hivyo.

Kwa nini mlio wa betri dhaifu huanza saa kumi alfajiri?

Kwa sababu ndio wakati nyumba imepoa zaidi. Volti ya betri hushuka kidogo kwenye baridi, na iliyo ukingoni huvuka mstari wa onyo saa hiyo. Jua likitoka inapata nguvu kidogo na mlio unanyamaza, nawe unadhani imejitengeneza. Haijajitengeneza. Utaisikia tena kesho, saa ileile.

Mfumo wangu haujawahi kulia kwamba betri ni dhaifu. Si ndiyo vizuri?

Inategemea ni mfumo gani. Mifumo mizuri ina sensa zinazotoa salamu kwa paneli kila baada ya muda, na sensa ikinyamaza paneli inakuambia imepotea. Lakini vifurushi vya bei ya chini, hasa vile vya mawimbi ya 433 MHz, vingi huzungumza upande mmoja tu: sensa hutuma inapofunguliwa mlango, basi. Ikifa, paneli haina habari, na taa ya kijani inaendelea kuwaka kama kawaida. Tumeshafika kwenye nyumba ambapo nusu ya sensa zilikuwa mizoga na mwenyewe analala kwa amani.

Ukiwa na mfumo wa namna hiyo, jaribio la kila mwezi halina mbadala. Weka paneli kwenye hali ya majaribio, tembea nyumba nzima, fungua kila mlango na kila dirisha lenye sensa, pita mbele ya kila sensa ya mwendo, na mtu mmoja asimame kwenye paneli akihesabu. Ni kazi ya dakika kumi na tano. Kumbuka ule usingizi wa sensa za mwendo: kama haujaingia hali ya majaribio, utapita mara ya pili isikuone, ukadhani ni mbovu.

Nawezaje kubadilisha betri bila kuamsha mtaa mzima?

Sensa nyingi zina swichi ndogo inayojua mfuniko umefunguliwa, na hulia hata mfumo ukiwa umezimwa. Kwa hivyo anza kwenye paneli: ingia hali ya majaribio au ya fundi. Kama mfumo umeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie kwanza uwaambie unafanya kazi, la sivyo gari lao litakuwa getini na bawabu wako atapata taabu ya kueleza.

Ukishafungua, toa betri kuukuu usubiri nusu dakika kabla ya kuweka mpya. Ndani ya sensa kuna umeme kidogo unaobaki, na ukiweka betri mpya haraka kifaa hakijui kwamba kimezimwa, kitaendelea kushikilia onyo la zamani. Kubonyeza ile swichi ya mfuniko mara mbili tatu huharakisha. Angalia alama ya chanya na hasi kabla ya kusukuma, maana sensa nyingi hazina kinga dhidi ya betri iliyogeuzwa.

Vidonge usivishike bapa kwa vidole vyenye jasho. Jasho la Mombasa lina chumvi ya kutosha kuacha njia ndogo ya umeme kati ya pande mbili, na kidonge kitajimaliza taratibu. Kishike kwa ukingo, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha ukiingize. Kibano cha chuma usikitumie. Kikigusa pande zote mbili umeshapiga shoti.

Usiogope kwamba sensa itasahau paneli yake. Namba zake zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme.

Nimeweka kidonge kipya kabisa na sensa haiwaki.

Kwanza geuza uhakikishe upande. Pili, vidonge vya siku hizi vingine vimepakwa kitu kichungu ili mtoto akikitia mdomoni akiteme, na kwenye baadhi ya vifaa mpako huo huzuia mguso. Pangusa upande wa hasi kwa spiriti ile ya mafundi wa simu, ikauke, ujaribu tena. Tatu, inua kidogo ulimi wa chuma unaoshika betri; ukikaa miaka mingi hulegea.

Betri za kuchaji si zitaniokolea pesa?

Kwenye kamera na rimoti ya televisheni, sawa. Kwenye sensa za ulinzi jibu letu ni hapana, na kwa CR123A ni hapana kubwa. Ile ya kuchaji yenye umbo la CR123A ina kemia nyingine: ikijaa hufika volti 4.2, na sensa iliyotengenezwa kwa volti 3 inaweza kuungua saketi. Hata isipoungua, chaji yake ni karibu nusu tu ya ile ya kawaida.

Mawe ya AA ya kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5. Kifaa kilichozoea alkali huona 1.2 na kulalamika siku ileile uliyoyachaji. Ukitaka AA zinazodumu mahali pa joto, nunua zile za lithiamu za volti 1.5 zisizochajika, mradi kitabu cha kifaa hakizikatazi. Bei yake inauma, lakini ni nadra kuvuja. King'ora cha nje juu ya ngazi ndefu hakifai kuwekewa mawe ya bei rahisi.

Na usichanganye: mpya na kuukuu, au kampuni mbili tofauti, ndani ya kifaa kimoja. Ile dhaifu hulazimishwa na yenye nguvu mpaka inavuja.

Mawe yamevuja, kuna unga mweupe. Kifaa kimekufa?

Mara nyingi hakijafa. Unga huo wa mawe ya alkali ni wa upande wa magadi, kwa hivyo dawa yake ni asidi nyepesi, na hiyo unayo jikoni. Vaa glavu, toa mawe, kung'uta unga nje. Chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya ndimu au siki, ukandamize kidogo kidogo kwenye vyuma. Utaona povu dogo likichemka. Povu likikoma, pangusa kwa spiriti, uache wazi pakauke kabisa. Kama chuma kimebaki na weusi au kijani, kisugue taratibu kwa raba ya penseli mpaka king'ae.

Chemchemi iliyoliwa mpaka imekatika, hapo ni fundi wa kulehemu.

Ile kutu ya kijani isiyo na unga mweupe ni kitu kingine: ni hewa ya bahari. Nyumba za Shelly Beach, Nyali na Bamburi zinazotazama maji huipata hata kama betri haijavuja. Raba na spiriti zinatosha. Kisha paka grisi ya silikoni kwenye mpira wa mfuniko wa vifaa vya nje ili ubane vizuri. Fanya hivyo Machi, kabla ya masika kuanza kupiga kuta.

Betri kubwa ya paneli nayo hubadilishwa, au ni ya maisha?

Hubadilishwa, na hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ni betri ya risasi na asidi iliyofungwa. Kanuni yake inajulikana: kila joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25, maisha yake hupungua takribani nusu. Iliyotengenezwa kuishi miaka mitano kwenye nyuzi 25 ina miaka miwili na nusu kwenye 35. Sasa fikiria paneli iliyofichwa juu ya dari, chini ya mabati, mwezi wa Februari wakati wa kaskazi. Wengi hupenda kuificha huko ili mwizi asiione. Ifiche kwenye kabati la ndani lenye hewa.

Paneli nyingi huichaji kwa volti 13.8 mchana na usiku bila kujali joto, na kwa joto letu hiyo ni nyingi kidogo, kwa hivyo betri hukauka ndani na ubavu wake huanza kuvimba. Pitisha kiganja ubavuni: ukihisi imebonyea nje kama tumbo, usiipime wala usiichaji tena, itoe. Ikiwa imetoa maji kwenye vichwa, hiyo ni asidi, na dawa yake ni magadi soda yaliyoyeyushwa, kinyume cha ile ndimu ya mawe.

Kuijaribu ni rahisi. Wajulishe majirani, zima umeme wa paneli, iache ijitegemee saa moja, kisha liza king'ora nusu dakika huku mtu ameshika mita. Betri nzima iliyotulia husoma kama 12.7. Ikishuka chini ya 12 mara tu king'ora kinapoanza, imechoka. Ikifika 10.5 hiyo ni maiti.

Unaponunua mpya angalia upana wa vichwa vya waya, maana 7Ah huja na vya milimita 4.8 au 6.35. Watu hurudi dukani kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Kuongeza hadi 9Ah kwa kawaida inawezekana, umbo ni lile lile, ila angalia kwanza kitabu kinaruhusu kiasi gani. Betri ya gari usiilete. Na zile za lithiamu za volti 12 zinazosemwa zinaingia moja kwa moja, usiziweke mpaka mtengenezaji wa paneli akubali kwa maandishi, maana chaja yake haikuundwa kwa ajili yake.

Stima ikipotea, mfumo utashika saa ngapi?

Fanya hesabu ya kulala njaa. Paneli inayokula miliampea 200 kwenye betri ya 7Ah: gawanya 7,000 kwa 200 upate saa 35 kwenye karatasi. Toa theluthi kwa ajili ya uzee na joto, ubakiwe na siku moja kasoro kidogo. Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani na sehemu nyingine kukaa hivyo mpaka kesho yake, mifumo yenye betri nzuri ilivuka na mingine ilinyamaza kabla ya usiku wa manane.

Lakini paneli kuwa hai haitoshi. Ruta ya intaneti inazimika sekunde ileile stima inapopotea, na arifa za simu zinakwenda nayo. Iwekee ile yuu-pii-esi ndogo ya ruta (boksi la betri ya akiba), na hakikisha paneli ina laini ya simu ya akiba yenye kredit. Laini isiyotumika miezi mingi hufungwa na kampuni ya simu; tuma ujumbe mmoja kutoka laini hiyo kila mwezi.

Nasafiri. Nizime meni swichi kwa usalama?

Hapana. Ukizima, paneli inaanza kula betri yake ya akiba, baada ya siku moja mbili imekwisha, na betri ya risasi ikikaa tupu wiki kadhaa hugandamana ndani isirudi tena. Unapoteza ulinzi na betri pamoja. Zima friji, heita na feni kwenye soketi zake, uache saketi ya paneli na ruta.

Wale walioko Jeddah na Dubai wenye nyumba Bamburi au Mtwapa, tatizo lenu ni tokeni. Nyumba imefungwa, friji inanguruma, tokeni zinaisha mwezi wa pili, na hakuna aliyejua. Namba ya mita mnayo. Nunueni kutoka huko huko, na muwe na mjomba au shangazi mwenye ufunguo na kile kikaratasi cha betri. Kabla ya kuondoka badilisheni betri zote kwa mpigo, hata zilizo na miezi kumi.

Kamera yangu ya sola inazima usiku. Si jua tunalo?

Jua tunalo, tatizo ni kunguru. Paneli ndogo ya sola yenye kinyesi cha kunguru, vumbi na ukoko wa chumvi haichaji kitu. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki mbili.

Halafu angalia ilivyoelekea. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri hukaa upande wetu wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba. Ielekeze kaskazini, uiinamishe kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Kuisimamisha wima ukutani, kama picha za boksi zinavyoonyesha, ni kwa nchi za mbali na ikweta.

Kamera yenyewe iweke kivulini. Betri zake za lithiamu haziruhusiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na boksi jeusi juani linafika hapo kabla ya adhuhuri, kwa hivyo kinga ya ndani hukata chaji wakati jua ndiyo kwanza limepamba moto. Mwisho, kama inatazama barabara, kila tuk-tuk na bodaboda inaiamsha irekodi. Punguza eneo la kutazama liishie kwenye geti.

Mtoto amemeza kidonge cha betri, au namshuku.

Acha kusoma, nendeni hospitali sasa hivi, iwe Coast General au yoyote iliyo karibu yenye picha za eksirei. Kidonge kikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama kilikuwa kimeisha nguvu. Usimtapishe, usimpe chakula wala kinywaji. Kitu kimoja kinachoruhusiwa, kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja na anayeweza kumeza, kama hazijapita saa 12: asali, vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Isiwe sababu ya kuchelewa. Bebeni pakiti ya betri ili daktari aone namba.

Ndugu yangu anatoka Dubai. Aniletee betri?

Anaweza. Za lithiamu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, na ziwe ndani ya pakiti yake au zimezibwa vichwa kwa selotepu.

Nitajuaje betri ni feki?

Uzito, tarehe na bei. CR123A feki ni nyepesi mkononi. Halisi ina tarehe ya mwisho iliyochapwa, ya lithiamu mara nyingi hadi miaka kumi mbele. Nunua mahali penye mzunguko wa bidhaa, si duka ambalo pakiti zimeninginia dirishani juani tangu mwaka juzi. Nyumbani ziweke kabatini pakavu. Kwenye friji usiweke, zitatoka na unyevu.

Betri ya fensi ya stima inahesabiwa humu?

Ndiyo. Ni 12V 7Ah ileile, na mara nyingi iko kwenye boksi ukutani juani, kwa hivyo huchoka kabla ya ile ya paneli. Ipime siku moja na ya paneli.

Zilizokufa nizitupe wapi?

Usizichome na taka za uani na usizitie kwenye pipa. Za lithiamu ziba vichwa kwa selotepu, uzikusanye kwenye mkebe mkavu. Nyeusi kubwa irudishe kwa aliyekuuzia. Maduka mengi hupokea kuukuu na kukupunguzia bei.

Ukimpa mtu wa vyuma chakavu, muulize inapelekwa wapi. Mombasa tunajua risasi inavyofanya. Owino Uhuru, huko Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri za namna hii kilimwaga moshi na maji machafu kijijini mpaka damu za watoto zikapatikana na risasi. Phyllis Omido, aliyewapigania wakazi, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao zikishakuwa taka, kwa hivyo usione haya kumrudishia muuzaji. Wenye leseni ya kukusanya taka za hatari wanajulikana na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa.

Kufuli ya kielektroniki ikifa nikiwa nje?

Kwanza tembea na ufunguo wa chuma. Pili, nyingi zina vituo viwili vidogo chini ya kitasa vya kugusisha betri ya volti 9, au tundu la chaja ya simu, vya kukupa umeme wa kufungulia mara moja. Angalia yako ina kipi leo, ukiwa bado ndani.

Nimebadilisha kila kitu na paneli bado inasema betri dhaifu.

Kwa sensa, fungua na ufunge mlango mara moja, au pita mbele yake. Onyo huondoka sensa inapotuma ujumbe mpya. Kwa betri ya paneli, subira: nyingi huipima upya baada ya saa kadhaa, nyingine mara moja kwa siku. Ikifika kesho kutwa bado inalalamika, pima volti kwenye nyaya za kuchajia huku betri imechomolewa. Usipoona kati ya 13.5 na 13.8, mbovu ni chaja ya paneli au fyuzi yake, na betri mpya uliyonunua haina kosa.